Mtoto wa kituoni na mgeni wa majuma matatu (Sehemu ya pili)

Wiki iliyopita tuliishia pale kijana wa Ulaya au Marekani anapolipa kampuni ya safari ili aje kukaa majuma machache na watoto yatima wa Arusha au Moshi. Msomaji wa Sumbawanga anaweza kusema hayo ni ya kaskazini, huku Rukwa wageni wa namna hiyo ni wachache. Ni kweli ni wachache, lakini lami kutoka Tunduma imeshafika, na penye kituo kinachoomba misaada kwa picha za watoto, mgeni hakawii kubisha hodi. Isitoshe, kulea watoto wa watu si jambo jipya kwetu.

Mwaka 1885 Mapadre Weupe walichukua ngome ya Wabelgiji pale Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Moja ya kazi zao za mwanzo ilikuwa kuwakomboa watoto waliokuwa wakiuzwa utumwani, wakawalisha na kuwafundisha. Wengi wa watoto wale hawakuwa na kwao pa kurudi. Vijiji vyao vilikuwa vimevunjwa. Mwaka 1888 mapadre wakamtuma huko Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na mapadre haohao huko Algeria na kusomeshwa udaktari Malta. Alioa hukohuko Karema, akatibu watu na kufundisha katekisimu zaidi ya miaka 60, akafariki mwaka 1956. Hospitali ya Kanisa Katoliki mjini Sumbawanga ina jina lake. Naye alikuja kutoka mbali kuhudumia watoto asiowazaa, lakini mtoto aliyemtibu surua aliweza kumrudia akiwa mtu mzima, amembeba mjukuu, akamkuta yupo.

Kukaa huko ndiko ninakotaka kukueleza leo.

Mwaka 1951 daktari Mwingereza John Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti juu ya watoto waliotenganishwa na mama zao. Alionyesha kwamba mtoto mdogo anahitaji mlezi mmoja wa kudumu kama anavyohitaji chakula. Analia usiku, inakuja mikono ileile na sauti ileile. Kidogo kidogo anajua kuna mtu wake. Mchukue mtoto wa miaka miwili aliyelelewa nyumbani, kijiji chochote cha Ufipa. Akimwona mgeni hujificha nyuma ya kitenge cha mama yake, akachungulia, akajificha tena. Sasa ingia kwenye kituo chenye watoto wengi na walezi wa zamu. Mtoto wa umri uleule anaweza kukukimbilia mikono juu, akapanda mapajani pako, naye hajawahi kukuona. Mgeni hufurahi, hupiga picha, huandikia ndugu zake kwamba watoto hawa wana upendo wa ajabu. Wataalamu waliokwenda Romania baada ya utawala wa Ceaușescu kuanguka mwaka 1989 waliyaona hayohayo katika vituo vya huko, wakayatambua kuwa dalili ya mtoto asiye na mtu wake. Na kila mgeni anayembeba majuma matatu kisha akapanda ndege humwongezea mtu mwingine wa kumpoteza.

Tena wengi wa hao tunaowaita yatima wana ndugu. Mama amefariki kwenye uzazi, baba ni mkulima wa mahindi, bibi yupo ila hana maziwa ya kumpa kichanga. Masista wanaopokea mtoto kama huyo, wakamlea mpaka aweze kula uji wa ulezi na kurudishwa kwao, wanaokoa uhai, nami nawaheshimu sana. Lakini nauli ya ndege ya mgeni mmoja kutoka Ulaya ingetosha kumnunulia kichanga huyo maziwa ya kopo mpaka aanze uji, naye asitoke kabisa mikononi mwa bibi yake.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na makao ya watoto lazima yawe na leseni. Mgeni naye haruhusiwi kujitolea kwa viza ya utalii, anahitaji kibali. Msidhani huo ni urasimu mtupu. Jirani zetu wa Kenya walipata funzo chungu: mwaka 2014 kijana wa Oklahoma aliyejitolea kwenye kituo kimoja cha Nairobi alikamatwa kwao kwa kuwanajisi watoto wa hapo, na mwaka 2016 mahakama ya Marekani ikamfunga miaka 40. Alikuwa ameingia kama wanavyoingia wote, kwa tabasamu na barua ya kanisa au rafiki, au bila barua.

Mgeni mwenye ujuzi ana kazi ya kufanya. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo na awafundishe walezi kumnyoosha mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Mhasibu na apange vitabu vya kituo. Wote hao wafanye kazi na watu wazima, na mtoto abebwe na mlezi atakayekuwepo kesho.

Wiki ijayo nitaeleza namna familia ya hapa Rukwa inavyoweza kwenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii kuomba kumlea mtoto, na maswali itakayoulizwa.