Kwa nini mabishano ya dini kwenye simu yanachosha, na namna ya kuyaacha bila kuvunja ujirani

Kundi la WhatsApp la kijiji huanzishwa kwa mahitaji ya kila siku: michango ya msiba, bei ya mahindi, chanjo ya mifugo, mkutano wa chama cha ushirika. Kisha jioni moja mtu anatuma video ya mhubiri anayeikejeli dini ya wenzake. Mwingine anajibu kwa video yake. Wa tatu, labda kijana aliyerudi kutoka chuoni, anaandika kwamba yeye haamini kuwa Mungu yupo. Kukicha kuna ujumbe zaidi ya mia mbili, watu wamevunjiana heshima, na tangazo la mazishi limezama katikati, halionekani.

Wengi wamechoka na hali hii. Baadhi wanajitoa kwenye kundi, wengine wanabaki lakini hawasomi tena. Katika makala hii hatuamui nani yuko sahihi kuhusu Mungu. Tunaeleza kwa nini mabishano ya aina hii hayafiki mwisho, sheria inasema nini, na unaweza kufanya nini na simu yako ili usiwapoteze majirani zako.

Ubishi wa dini ulikuwepo kabla ya simu

Afrika Mashariki ina historia ndefu ya midahalo ya dini. Katika miaka ya 1980 na 1990, mihadhara ya hadhara ilivuta watu wengi Tanzania na pwani ya Kenya. Wazungumzaji walisimama uwanjani na vipaza sauti, Biblia na Kurani zikiwa mezani, wakisomeana aya. Kanda za Ahmed Deedat wa Afrika Kusini, aliyejulikana kwa kujadiliana na Wakristo, zilipita mkono kwa mkono.

Mihadhara ile nayo iliacha majeraha, na mara kadhaa serikali iliingilia kati. Lakini ilikuwa na jambo moja ambalo simu haina: ilikuwa na mwisho. Jua lilizama, watu wakaenda kuswali, kupika, kufunga mbuzi. Aliyetaka kusikiliza alikwenda uwanjani mwenyewe, na asiyetaka alibaki nyumbani. Leo uwanja umo mfukoni, na anayebishana saa saba usiku anakufuata hadi kitandani.

Pia tunajua jinsi cheche ndogo inavyoweza kuwasha moto mkubwa. Oktoba 2012, huko Mbagala, Dar es Salaam, ubishi wa watoto wawili kuhusu Kurani uliishia kwa makanisa kuharibiwa na kuchomwa. Ubishi ule ulianza ana kwa ana, kati ya watoto waliofahamiana. Kwenye simu, maneno ya namna ile yanawafikia maelfu ya watu wasiomjua aliyeyasema wala sababu ya kuyasema.

Kila mmoja anapima kwa kipimo chake

Fikiria watu wawili wanaogombania ukubwa wa shamba. Mmoja anapima kwa hatua za miguu, mwingine kwa kamba. Wanaweza kupigizana kelele hadi jioni kuhusu idadi, na kila mmoja akawa mkweli kwa kipimo chake. Kwanza wanapaswa kukubaliana watumie kipimo gani.

Ubishi wa dini uko hivyo. Mkristo anatoa ushahidi kwenye Biblia, lakini Mwislamu anaipima Biblia kwa Kurani. Mwislamu anataja aya, lakini Mkristo haihesabu kuwa ushahidi. Asiyeamini anawaambia wote wawili kwamba kitabu hakiwezi kujithibitisha chenyewe. Naye akiulizwa dunia ilitoka wapi, anajibu kwa sayansi, na mwenzake anasema sayansi inaeleza namna mambo yanavyokwenda, haielezi kwa nini yapo. Hakuna hata mmoja aliyeguswa na hoja ya mwenzake, kwa sababu hoja ilisimama juu ya msingi ambao mwenzake hausimamii.

Ndiyo maana baada ya miezi sita ya kubishana unakuta maswali ni yaleyale na majibu ni yaleyale, kasoro heshima iliyopungua.

Jambo la pili ni watazamaji. Watu wawili wakizungumza chini ya mwembe, mmoja anaweza kusema, "Hapo umenigusa, ngoja nikafikiri." Mbele ya watu 200 kundini, neno hilo ni zito. Akilisema, wenzake wa dini watamwona amewaangusha. Kwa hiyo kila mmoja anawaandikia watazamaji wake, na yule anayejibiwa anageuka kuwa ngazi ya kupandia.

Hasira ina faida kwa wengine

Mitandao mikubwa hupata fedha kwa matangazo, na matangazo yanahitaji macho. Chapisho linaloleta majibu mengi huonyeshwa kwa watu wengi zaidi. Mwaka 2021 vyombo vya habari vya Marekani viliripoti, kwa kutumia nyaraka za ndani za kampuni ya Facebook, kwamba kuanzia mwaka 2017 alama ya uso wenye hasira ilihesabiwa kuwa na uzito mara tano ya alama ya kupenda. Kampuni ilipunguza uzito huo baadaye, na mwaka 2020 ikaufanya kuwa sifuri. Lakini tayari watengenezaji wa video walikuwa wamejifunza kwamba kejeli inasafiri kuliko mafundisho.

WhatsApp haipangi ujumbe kwa namna hiyo. Hata hivyo, video nyingi zinazoangushwa kwenye makundi ya vijiji zimetoka kwenye mitandao inayopanga hivyo. Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, ujue umeshasambazwa mara nyingi. Aliyeutengeneza hajui kijiji chako, na hatakuwepo mtakapokutana kisimani. Bando lililotumika kuupakua ni lako.

Asiyeamini naye anachoka

Mara nyingi tunazungumza kana kwamba wanaobishana ni Waislamu na Wakristo peke yao. Wasioamini pia ni majirani zetu. Katika sensa ya Kenya ya mwaka 2019, watu zaidi ya 750,000 kati ya zaidi ya milioni 47 waliandikishwa kuwa hawana dini. Mwaka 2016 chama cha wasioamini cha nchi hiyo kilisajiliwa mwezi Februari, usajili ukasimamishwa mwezi Aprili, na suala likafika mahakamani. Tanzania haijauliza swali la dini katika sensa tangu mwaka 1967, kwa hiyo hesabu ya namna hiyo haipo.

Kijijini, asiyeamini kwa kawaida ni mmoja dhidi ya kundi zima. Anajibu maswali ya watu hamsini, na kila anayeingia anaanza upya: "Basi nani alikuumba?" Anaitwa mkana Mungu, anaambiwa hana maadili. Akinyamaza, anaambiwa ameshindwa. Hofu yake kubwa mara nyingi si hoja. Anawaza nani atamwozesha mtoto wake, na nani atasimama kaburini siku yake ikifika.

Lakini naye ana wajibu. Kumwita mama mzee aliyeomba dua kwa miaka sitini mjinga mbele ya wajukuu zake si kutafuta ukweli. Ni dharau, na dharau haijawahi kumfanya mtu afikiri upya.

Kuchoka si kushindwa

Wasikilizaji wa dini zote hujiuliza: nikiacha kujibu, je, nimeisaliti imani yangu? Vitabu vyenyewe havielekezi huko. Waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya 2, unamtahadharisha mtumishi na maswali yanayozaa ugomvi. Sura ya An-Nahl, aya ya 125, inaelekeza kwamba hata majadiliano yenyewe yafanywe kwa namna iliyo bora. Kwa asiyeamini pia, ukweli wa jambo haupimwi kwa nani aliandika mwisho kabla simu haijazima chaji.

Sheria inasema nini

Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini. Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda dhamiri, dini, imani na maoni. Kwa hiyo kuamini, kutoamini na kuhama ni haki.

Haki hiyo haimpi mtu ruhusa ya kutukana. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 129, na ile ya Kenya, kifungu cha 138, zinafanya kuwa kosa kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za kidini za mtu mwingine. Ujumbe wa simu unabaki kama ushahidi, hata ukiufuta, kwa sababu mwenzako anaweza kuwa ameshaupiga picha.

Unachoweza kufanya

Kama wewe ni admini, tenganisheni makundi. Moja liwe la matangazo tu, na kwenye mipangilio ya kundi uchague maadmini peke yao ndio watume ujumbe. La pili liwe la mazungumzo, kwa anayetaka. Hapo msiba, bei na chanjo havitazamishwa na ubishi, na hakuna atakayekosa mazishi ya jirani kwa sababu alikimbia kelele.

Kubalianeni kanuni mkiwa mmekaa pamoja, kwenye mkutano wa kijiji au baada ya kazi ya pamoja, kabla ugomvi haujaanza. Sheikh, mchungaji na wazee wakiikubali kanuni, admini hataonekana anapendelea upande.

Kama si admini, unaweza kulinyamazisha kundi kwa saa nane, kwa wiki moja au moja kwa moja, bila kujitoa. Hakuna atakayejua, na matangazo utaendelea kuyasoma kwa wakati wako. Zima pia upakuaji wa video wa moja kwa moja, uokoe bando.

Ukitaka kweli kujua mwenzako anaamini nini, toka kundini umfuate yeye. Muulize: "Ndugu yangu, hili uliliamini lini, na kwa nini?" Kisha sikiliza bila kuandaa jibu. Ukiwa na swali, uliza moja. Msipokubaliana, semeni hivyo na mgeukie mengine: mvua, watoto, mbuzi aliyepotea.

Na ukiamua kuacha, aga kwa adabu. Andika mara moja tu: "Jamani, nimesema yangu, nimesikia yenu. Tukutane shambani." Usirudi usiku kuona nani amejibu. Watakuwepo wa kujibu, na ubishi utaendelea bila wewe. Asubuhi, yule uliyekuwa ukibishana naye atapita njia ileile na jembe begani, na wa kuanza salamu anaweza kuwa wewe.