Risasi za Ganda la Chuma na Bastola ya Mlinzi

Ndugu walinzi wametuuliza: je, risasi za bei nafuu zenye ganda la chuma huila bastola? Swali si la mchezo. Wapo wenzetu waliokatwa mshahara kwa bastola iliyoharibika, ilhali risasi hununuliwa na mwajiri.

Ganda hilo ni la chuma laini kuliko cha bastola, nalo hupakwa vanishi au plastiki lisishike kutu. Haliwezi kuukwaruza mtutu, kwani halipiti humo. Kinachopita ni kichwa cha risasi. Vichwa vingi vya bei nafuu vina koti la chuma lililopakwa shaba kidogo tu, na hilo ndilo hula mtutu. (Sumaku ikikinasa kichwa, mmekwisha jua.) Hata hivyo, bunduki ya kasi huumia zaidi kuliko bastola. Makarov, iliyopokelewa na jeshi la Sovieti mwaka 1951, imelishwa risasi za namna hii kwa miaka mingi.

Katika bastola, kinachotangulia kuchoka ni kijino kivutacho ganda. Chuma hakitanuki na kujirudi kama shaba ya njano. Moshi hupenya, chemba huchafuka, ganda hung'ang'ania. Kijino na springi yake ni vipuri vya kubadilishwa, na gharama ni ya mwenye bastola. Aliyekatwa apeleke hati yake ya mshahara kwa katibu wa tawi.