Moto wa Perseus na Chombo Kilichoitwa Uhuru

Usiku wa Desemba, yapata saa nne, askari aliye zamu au mzazi aliyeketi uani na wanawe katika mtaa wa Hai Malakal, mjini Juba, akitazama kaskazini ataiona nyota iitwayo Algol. Upande huo huo, lakini mbali mno nyuma yake, liko kundi la galaksi la Perseus. Macho matupu hayalioni, kwani nuru yake husafiri miaka ipatayo milioni 240 kabla ya kuifikia dunia.

Katika kulichunguza kundi hilo, Afrika Mashariki ina sehemu yake. Tarehe 12 Desemba, 1970, Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutafuta eksirei zitokazo angani, nayo ilionyesha kwamba makundi kama Perseus yamejaa gesi yenye joto la mamilioni ya digrii.

Hapo likazuka swali. Chungu kikiepuliwa hupoa. Gesi ile nayo hupoteza joto kwa kutoa eksirei. Ilipasa ipoe, iporomokee katikati na kuzaa nyota kwa wingi. Mbona nyota hizo ni chache?

Jibu limo katika galaksi ya katikati, NGC 1275, yenye shimo jeusi. Sehemu ya gesi inayolikaribia shimo hilo hutupwa nje kwa mikondo miwili yenye nguvu kuu. Mikondo hiyo huisukuma gesi ya moto na kufanya mapovu yenye upana wa makumi ya maelfu ya miaka ya nuru. Chombo cha Chandra, kilichorushwa mwaka 1999, kiliyapiga picha. Na mwaka 2003 wataalamu walitangaza kwamba mapovu hayo hutoa mawimbi ya sauti nzito isiyosikika kwa sikio la binadamu, ambayo huenda huirudishia gesi joto lake.

Mambo huenda kama jiko la mkaa lenye mpishi makini. Gesi ikipoa, shimo hupata chakula na mikondo huongezeka. Joto likizidi, chakula hupungua na mikondo hufifia.

Pengine mikondo hufanya kinyume. Katika galaksi ya Centaurus A, iliyo upande wa kusini, gesi iliyobanwa na mkondo imezaa nyota changa. Hivyo nguvu ile ile yaweza kuzuia nyota zisizaliwe, au kuzizalisha.