Neno Fupi, Maana Nyingi: Tahadhari kwa Wasomao Kiingereza

Mtu anayejifunza Kiingereza huogopa maneno marefu. Akikutana na neno lenye herufi kumi na tano hukunja uso, hufungua kamusi, akapata maana yake na kuendelea na safari yake; kwa kuwa neno refu aghalabu lina maana moja tu, au mbili. Lakini neno la herufi tatu au nne hulipita bila kulitazama, akidhani kwamba alilimaliza tangu darasa la kwanza. Hapo ndipo penye mtego.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Katika Kiswahili "kaa" ni mnyama wa pwani mwenye magando, tena ni kipande cha moto jikoni, tena ni amri ya kuketi. "Paa" ni mnyama wa mwituni, ni sehemu ya juu ya nyumba, ni kwenda juu angani, na pia ni kuondoa magamba ya samaki. Hata mtoto mdogo hachanganyi maana hizo, kwa sababu maneno yaliyo jirani humwonyesha njia.

Kiingereza kimezidi. Kamusi kubwa ya Oxford ilianza kutolewa sehemu kwa sehemu mwaka 1884 ikakamilika mwaka 1928. Kwa miaka mingi neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote humo lilikuwa "set", ambalo maana zake zilipita 400. Baadaye watengenezaji wa kamusi hiyo walipolichambua upya neno "run", ambalo kila mwanafunzi hulijua kuwa ni kukimbia, mwaka 2011 ilitangazwa kwamba wamepata maana zaidi ya 600. Mto, mashine, duka, hata pua yenye mafua, vyote huweza ku-"run", wala hakuna kimoja kati ya hivyo chenye miguu.

Sababu moja ni kwamba lugha hiyo imekusanya maneno kutoka kwa mataifa mengi. Neno "bank" lenye maana ya ukingo wa mto lilitoka kwa watu wa kaskazini mwa Ulaya. "Bank" ya fedha ilitoka Italia, katika neno lenye maana ya benchi au meza ya mbadili fedha. Maneno hayo mawili yalisafiri kwa njia mbalimbali, yakafika Uingereza yakiwa yamevaa kanzu moja.

Wenye lugha wenyewe pia hukosana. Kwa Mmarekani "corn" ni mahindi, lakini sheria za "corn" zilizotumika Uingereza tangu 1815 hadi 1846 zilihusu ngano na nafaka nyingine za huko. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kama Winston Churchill alivyosimulia katika kitabu chake, maofisa Waingereza walitaka jambo moja la haraka "litabled", yaani lijadiliwe mara moja. Wamarekani walikataa kwa nguvu, kwa kuwa kwao neno hilo lina maana ya kuliweka jambo kando. Walibishana kwa muda mrefu, na kumbe wote walitaka jambo lile lile.

Mabishano hayo yalikwisha salama. Lakini mwezi wa Novemba, 1952, vijana wawili walikutwa na askari juu ya paa la ghala huko Croydon, karibu na London. Christopher Craig, mwenye miaka 16, alikuwa na bastola. Derek Bentley, mwenye miaka 19, alikuwa amekwisha kukamatwa. Askari walishuhudia mahakamani kwamba Bentley alipaza sauti akisema, "Let him have it, Chris." Upande wa mashtaka ulishika kwamba maana yake ni "Mpige." Lakini maneno yale yale, yakichukuliwa yalivyo, huweza kuwa ni "Mpe," yaani mpe askari hiyo bastola. Vijana wote wawili walikana kwamba maneno hayo yalisemwa. Konstebo Sidney Miles aliuawa kwa risasi usiku ule. Craig hakunyongwa kwa sababu ya umri wake. Bentley alinyongwa tarehe 28 Januari, 1953. Mwaka 1998 Mahakama ya Rufani iliitangua hukumu yake, ikisema kwamba jaji hakuwaongoza wazee wa baraza kwa haki. Maneno manne yasiyo na hata moja gumu yalikuwa sehemu ya ushahidi uliompeleka kijana kwenye kitanzi.

Basi mkulima na karani wafanyeje? Kwanza, wajue kwamba neno hubadili kazi likibadili mahali. "Charge" dukani ni bei. Mahakamani ni shtaka. Lakini katika hati za ardhi za Kenya ni kuweka shamba dhamana ya mkopo, na anayeshindwa kulipa huweza kuona shamba likiuzwa. Barua isemayo kwamba "interest" imepanda haina maana kwamba benki imezidi kumpenda mkulima. Ni riba iliyoongezeka. "Consideration" katika mazungumzo ni kumjali mwenzio, bali katika mkataba ni kile ambacho kila upande hutoa ili upate cha mwenzake. Na akiambiwa "execute" hati, asiogope: ni kuitia sahihi kama sheria itakavyo, wala hakuna atakayeuawa.

Pili, akifungua kamusi asitosheke na maana iliyoandikwa kwanza. Azisome zote, kisha arudi kwenye barua yake aone ni ipi inayopatana na maneno ya kabla na ya baada.

Tatu, na hili ndilo kubwa, aulize kabla ya kutia sahihi. Wako watu wanaoona haya kuuliza maana ya neno fupi, wasije wakadhaniwa kuwa hawakusoma. Wazee walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Haya ya dakika moja mbele ya karani ni nafuu kuliko shamba la baba kupigwa mnada kwa neno ambalo kila mtu alidhani analijua.