Je, Wajua? Mfu Asiyeuawa
Kwenye Linux, mchakato uliokwisha kufa hauuliki. Hata amri kali ya kill -9 haiugusi. Kumbukumbu yote umeshaiachia. Umebaki na namba yake tu, ukingoja mzazi, yaani mchakato uliouanzisha, asome taarifa ya kifo. Mafundi huuita zombi. Dawa? Muue mzazi. Yatima huchukuliwa na mchakato namba 1, unaowazika papo hapo.

Walio hai ndio balaa. Toleo jipya la programu lenye kasoro likianza kujizalisha, kila nakala ikizaa moja, mizunguko 15 tu inafikisha 32,768, kikomo cha miaka mingi cha namba za michakato. Hapo hata ps, amri ya kuorodhesha, inakosa namba ya kuanzia. Kwa bahati, kill imo ndani ya bash yenyewe, programu inayopokea amri zako: haihitaji mchakato mpya.