Kutoka Songwe Hadi Ikombe: Kufuata Njia ya Chungu

Sisi tuliokulia Katumba Songwe tulilelewa na vyungu ambavyo hakuna mtu wa kwetu aliyevifinyanga. Chungu cha maharage, chungu cha ndizi, chungu kikubwa cha pombe ya kimpumu, mtungi wa maji ya kunywa uliokaa kivulini nyuma ya mlango: vyote vilikuja kutoka mashariki, vimefungwa kwa majani makavu ya migomba, na mama zetu walisema tu kwamba ni vya Wakisi. Huku kwetu ni upande wa mto Songwe, na ng'ambo yake ni Malawi. Wakisi wako kona nyingine kabisa ya Ziwa Nyasa, pale Milima ya Livingstone inapoteremka moja kwa moja hadi majini. Katikati limelala bonde lote la Kyela, na mpunga wake, na kakao yake, na mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo inayokimbilia Nyasa.

Ninapopata mwisho wa juma usio na msiba wala harusi, hupenda kuifuata njia hiyo kinyumenyume, kutoka jikoni kwetu hadi kwa mwenye mikono iliyofinyanga. Kwa mtu wa Mbeya, wa Tukuyu, hata wa Dar es Salaam aliyekuja likizo, sijui mapumziko mazuri kuliko haya. Hakuna tiketi ya kuingilia wala saa ya kufunga.

Lipo sharti moja tu: ufike Matema Ijumaa jioni. Soko la vyungu la Lyulilo ni la Jumamosi, na anayetoka Kyela Jumamosi saa nne atakuta vizuri vimeshachaguliwa. Kutoka Katumba Songwe mimi huanzia Kyela mjini, nikapita kwanza sokoni kutazama nyungo na vikapu vya mianzi. Wanyakyusa na mianzi ni ndugu wa siku nyingi. Joseph Thomson, Mskochi aliyefika pande hizi mwaka 1879, alistaajabia nyumba za mianzi na udongo na usafi wa vijiji vyao. Ungo mzuri wa Kyela utaujua kwa kuupitisha kiganja mgongoni: fito zimebanana na hazichomi. Baada ya hapo ni kupanda gari la Ipinda na Matema. Barabara sasa ni ya lami, na safari inamalizika kabla hujachoka kutazama mashamba.

Matema ina mchanga, ina nyumba za wageni, zikiwemo za Kanisa la Kilutheri, ambalo mizizi yake huku ni wamisionari wa Berlin waliofika miaka ya 1890. Ukipata samaki mbasa wa kuchoma na wali wa Kyela usiku huo, usitafute kingine. Beba chandarua au hakikisha chumba kinacho.

Jumamosi asubuhi tembea kwa mguu hadi Lyulilo, ukifuata ufuko kuelekea mlimani. Mitumbwi inakuwa imeshaanza kuingia. Vyungu vinapangwa ndani ya mtumbwi kwa akili: vikubwa chini, vidogo ndani ya vikubwa, nyasi kavu katikati, na mwenye mtumbwi anapiga kasia taratibu kwa sababu wimbi moja la ubavuni linaweza kumaliza kazi ya wiki nyingi. Vikishapakuliwa vinapangwa chini kwenye mchanga. Hilo ndilo duka. Hakuna rafu, hakuna kibandiko cha bei. Kuna akina mama waliokaa nyuma ya mali zao, na wachuuzi kutoka Ipinda, Tukuyu na Mbeya wanaoinama, wanagonga, wanasikiliza.

Chungu cha Mkisi hakifanani na cha mtu mwingine. Ukuta wake ni mwembamba, umbo lake limevimba vizuri na kurudi kwenye shingo fupi, na mdomo wake umetokeza nje kidogo ili mkono upate pa kushika. Mwili ni wa rangi ya udongo ulioiva, kati ya kahawia na machungwa, na mabegani kunapita mistari na mapambo ya udongo mwekundu na mweupe. Usidhani mapambo yale ni ya watalii. Vilikuwa na mapambo hata vile vya mama, vilivyokaa kwenye mafiga mpaka masizi yakafunika kila kitu chini ya bega.

Kwa nini ufundi ukae Ikombe, kijijini kwa Wakisi, na usikae kwetu, wakati udongo upo kila mahali? Jibu utaliona kwa macho ukisimama Lyulilo. Mlima unaanza pale maji yanapoishia. Hakuna bonde la kulima mpunga, hakuna pa kuchungia ng'ombe wengi. Mkisi alikuwa na ziwa na udongo, basi. Wanaume wakavua, wanawake wakafinyanga, na vyote viwili vikabadilishwa kwa nafaka na ndizi za Wanyakyusa wenye ardhi tambarare na yenye rutuba. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, aliwaeleza Wakisi hivyo hivyo, kuwa wavuvi na wafinyanzi wa ufukweni. Mwaka 1977 Simon Waane, Mtanzania aliyepata kuwa mkurugenzi wa Mambo ya Kale, alichapisha utafiti mrefu juu ya ufinyanzi wa Wakisi wa Ikombe peke yao. Kwa hiyo mtungi uliokaa nyuma ya mlango wetu ulikuwa nusu ya makubaliano ya zamani sana: wao watupe chombo, sisi tuwape chakula.

Soko likipoa, kama una nguvu, endelea hadi Ikombe. Wapo wanaokwenda kwa njia ya miguu chini ya mlima, lakini mimi napendelea mtumbwi au boti ya asubuhi, kabla upepo haujaamka. Ukifika, salimu kwanza. Usitoe simu kupiga picha kabla hujaamkia na kuomba. Mama mmoja wa makamo aliyenikaribisha uani kwake alinisogezea kigoda, akaendelea na kazi huku tukiulizana habari za nyumbani. Nilipomwambia natoka Katumba Songwe alicheka, akasema, "Huko Songwe mlikuwa mnatuletea mchele, dada. Siku hizi mnaleta nini?"

Kazi yenyewe nilikaa kuitazama mpaka miguu ikafa ganzi. Donge la udongo lilikuwa limeshatwangwa, limechambuliwa mawe na mizizi, limekandwa. Aliliweka juu ya kigae kipana cha chungu kilichovunjika, akalizamisha ngumi katikati, akaanza kuvuta udongo juu kwa vidole vya mkono wa kulia huku mkono wa kushoto ukizungusha kigae kidogo kidogo. Hakuna gurudumu, hakuna mashine; kigae ndicho kinachogeuka. Ukuta ulipanda mbele ya macho yangu. Alipofika kwenye mdomo alichukua jani bichi, akalikunja, akaliloweka, akalipitisha kuzunguka ukingo mara moja tu bila kusimama, na ukingo ukatoka laini na sawa. Mtoto wa kike wa miaka kama minane alikuwa pembeni na donge lake, akifinyanga kijungu cha kuchezea. Hakuna aliyemfundisha kwa maneno. Alikuwa anatazama vidole vya mamaye.

Kitako kinafanywa baadaye, udongo ukishaanza kukaza. Chungu kinapinduliwa, chini panakwanguliwa mpaka panakuwa pembamba na pa mviringo. Huo mviringo una maana yake. Moto wa kuni hupanda ukizunguka, na kitako kisicho na pembe hupokea joto sawasawa, tena hukaa vizuri juu ya mafiga matatu hata kama mawe hayalingani. Baada ya hapo kinasuguliwa kwa jiwe laini la mtoni mpaka kinang'aa, kinapakwa rangi ya udongo, kinaachwa kivulini.

Kukausha ndiko kunakoamua. Maji yakibaki ndani ya ukuta, moto utayageuza mvuke, na mvuke usio na pa kutokea hupasua chungu kwa kishindo. Ndiyo maana Machi hadi Mei, mvua za Kyela zinapokuwa kali na mto Songwe unavunja kingo zake huku kwetu, vyungu vinakuwa haba. Kiangazi, kuanzia Juni, ndio msimu wa kwenda. Uchomaji hauna tanuri: vyungu vinalundikwa uwanjani, kuni na nyasi zinapangwa chini, kati na juu, moto unawashwa. Joto hilo ni dogo kuliko la viwanda vya vigae vya sakafuni, na udongo unabaki na vitundu visivyoonekana. Vitundu hivyo ndivyo vinavyopoza maji ya mtungini: maji hujipenyeza polepole hadi nje, hukauka kwa upepo, na yanapokauka yanachukua joto la yale yaliyobaki ndani. Vitundu hivyohivyo husaidia chungu kustahimili moto wa wazi, kwa sababu udongo una nafasi ya kutanuka na kusinyaa bila kupasuka.

Hapa niseme jambo linaloniuma. Sufuria za aluminiamu na ndoo za plastiki zimeingia hadi Ikombe kwenyewe, na simlaumu mama anayezinunua. Hazivunjiki na zinachemka upesi. Lakini tunaokwenda Lyulilo kwa gari letu na pesa ya mapumziko mfukoni, tunapombana mfinyanzi ashushe bei mpaka abaki na nauli tu, tunaufukuza ufundi huu kwa mikono yetu. Yule mtoto wa miaka minane anaona. Atafinyanga kama anaona kuna maisha ndani yake. Botswana waliliona jambo hili mapema. Ufinyanzi wa wilaya ya Kgatleng uliwekwa na UNESCO mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Na thamani ya ufundi wa namna hii inajulikana: yupo Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, ambaye mwaka 1974 alikwenda Abuja, Nigeria, kujifunza kwa wafinyanzi wanawake kama Ladi Kwali. Vyungu vyake anavijenga kwa mkono bila gurudumu, anavisugua mpaka vinang'aa, na leo vinanunuliwa kwa mamia ya maelfu ya pauni na kuwekwa kwenye makumbusho. Mbinu hizo mbili, kujenga kwa mkono na kusugua, utazikuta uani Ikombe. Sisemi mama wa Ikombe alipwe hayo. Nasema tusimpunje kwenye kile kidogo anachotaja.

Basi ukinunua, nunua ili upikie. Gonga kwa kifundo cha kidole: kizima kinalia, chenye ufa kinajibu sauti iliyokufa. Kipitishe mbele ya jua utazame ndani. Nyumbani kiloweke maji usiku mzima, kisha chemshia humo uji mwepesi wa mchele au maji mazito ya kuoshea mchele, kwa moto mdogo, mpaka vitundu vinywe wanga na kujiziba. Mama yangu alifanya hivyo mara mbili kabla hajakipa maharage. Usikiweke kitupu motoni, wala usikimwagie maji baridi kikiwa cha moto, na sabuni kiepushe nayo kwa sababu kitainywa. Baada ya hapo pika kande, pika ndizi kwa maziwa ya mgando, pika mbasa wa nazi. Moto ukishazimwa chungu kinaendelea kuivisha polepole, na chakula kinakolea bila kuungua.

Mitungi mikubwa haifiki sokoni kila Jumamosi, kwa kuwa inakula nafasi ya mtumbwi na ikivunjika hasara yake ni kubwa. Anayeutaka auagize. Mweleze mfinyanzi ukubwa kwa mikono, si kwa lita, mwachie malipo ya awali, na umpe wiki kadhaa ili ukauke kwa haki yake. Ukiwa tayari utashushwa Lyulilo, na makondakta wa magari ya Ipinda wameshazoea: watauweka nyuma ya kiti cha dereva, juu ya gunia la mpunga, nao watakutoza nauli ya mtu mzima.