Siku Zako Mbili Zisilingane

Wako wasemao kwamba mbio ni za watu wa bara, ati wamezaliwa nazo damuni, na sisi wa mwambao tumeumbiwa kandanda na bao. Maneno haya nimeyasikia barazani mara nyingi, na kila nikiyasikia huona yanatufungia mlango wa somo kubwa. Kwa hivyo, msomaji, natutoke pwani kidogo tupande hadi Iten, mji ulio juu ya Bonde la Kerio, yapata mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, tukamtazame mtu asiye na damu hiyo hata tone.

Naye ni Bruda Colm O'Connell wa Ireland. Alifika katika shule ya sekondari ya St Patrick's mwaka 1976 kufundisha jografia. Ukufunzi wa riadha hakuwa ameusomea. Ni mtawa wa Kikatoliki, na mabruda hula kiapo cha kuishi bila mali, bila mke na kwa utii. Kazi ya mbio aliikuta shuleni, akajifunza kwa kuwatazama vijana wakikimbia, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka.

Matunda yake yaonekana. Peter Rono, aliyesoma hapo, alitwaa dhahabu ya mita 1,500 huko Seoul mwaka 1988. Shuleni humo imepandwa miti kwa heshima ya mabingwa, kila mti na jina lake.

Lakini kilichonivutia zaidi ni hesabu ya mita 800. Mwaka 1997 Wilson Kipketer, mwanafunzi wa zamani wa shule hiyo aliyekuwa akiikimbilia Denmark, aliweka rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 41.11. Ikadumu miaka 13. Agosti 2010 David Rudisha, aliyefunzwa na Bruda huyo, akaishusha hadi 41.09. Baada ya siku 7 tu, 41.01. Tarehe 9 Agosti 2012, katika Olimpiki ya London, akakimbia kwa sekunde 40.91.

Toa hesabu mwenyewe. Tangu 1997 hadi 2012, tofauti ni sehemu moja ya tano ya sekunde! Kupepesa jicho tu. Miaka 15 ya jasho kwa kupepesa jicho, na dunia nzima ikasimama kushangilia.

Wala usidhani njia ile ni ya Wakristo peke yao. Ibrahim Hussein, ambaye jina lake halihitaji maelezo kwetu, alisoma katika shule iyo hiyo. Mwaka 1988 alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya Boston, akimpita Juma Ikangaa wa Tanzania kwa sekunde moja. Naye Ikangaa hakukata tamaa. Alikuwa wa pili tena Boston mwaka 1989, na Novemba ya mwaka huo akashinda New York.

Sasa nageukia nyumbani. Bruda ana dini yake nasi tuna yetu, wala hakuna haja ya kuzichanganya. Lakini hili la kuongeza kidogo kila siku sisi tulifunzwa chuoni tungali wadogo: kwamba amali impendezayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa ndogo. Masheikh wetu nao hawachoki kutukumbusha kuwa ambaye leo yake ni sawa na jana yake amekula hasara.

Je, twafanyaje? Ramadhani misikiti hujaa hadi uani, watu wakatandika mikeka nje. Idi ikipita wiki moja, safu ya alfajiri huweza kuihesabu kwa vidole. Tumekuwa kama mkimbiaji anayefanya mazoezi mwezi mmoja, kisha akalala miezi kumi na mmoja, na huku angali akitaraji medali.

Kijana wa Kisauni au Lamu hahitaji kuhamia Iten. Aanze na aya moja atakayoihifadhi leo, au rakaa mbili alizokuwa akiziacha. Mchezaji naye aongeze mzunguko mmoja uwanjani. Usiku, kabla ya kulala, ajihesabu mwenyewe: jana nilikuwa wapi, na leo nimefika wapi? Jirani asimwingize katika hesabu hiyo.